Fundi kompyuta wa Chikongola aliyerudisha herufi za ramani yangu

Nimelipa shilingi 30,000, nimekaa kwenye benchi la mbao siku mbili, na nimerudi Lindi na ramani inayosomeka kila herufi. Fundi huyu, aliyeko Chikongola mjini Mtwara, nitamweleza kwa kirefu, kwa sababu najua wachora ramani wenzangu wa Lindi, Mtwara, Masasi na Newala wanahangaika na jambo hilihili, na wengi wetu tumeshalizoea.

Jambo lenyewe ni fonti zinazokosekana, yaani mafaili yanayoiambia kompyuta herufi zichorweje. Mtu anakutumia faili la AutoCAD, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, unalifungua, na kabla mchoro haujatokea linachomoza dirisha linalosema kuna mafaili ya SHX, ambayo kwa kawaida ni fonti za AutoCAD, hayakupatikana: ama uyachagulie mbadala, ama uyapuuze uendelee. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa napuuza. Mchoro unafunguka, kuta zipo, milango ipo, vipimo vingi vipo, ila hapa na pale pamekaa alama ya kuuliza au kiboksi kitupu. Nilikuwa najiambia hayo ni madogo, mhandisi atajua mwenyewe. Sisemi tena hivyo.

Kazi iliyoninyima usingizi ni ghala la korosho. Mteja wangu, mfanyabiashara wa Mtama, alinunua fremu ya chuma kutoka China, nguzo na kenchi zote zimeshakatwa, na muuzaji akatuma michoro ya chuma pamoja na ya msingi. Mimi nilitakiwa kuliweka ghala kwenye kiwanja, kuongeza ofisi, choo na njia ya malori, kuipeleka seti kwa mhandisi Dar es Salaam aukague msingi kwa udongo wa kwetu, kisha kuiandaa kwa ajili ya kuombea kibali cha ujenzi halmashauri. Ilikuwa mwezi wa nane. Minada ya korosho huanza mwezi wa kumi, na mteja alitaka angalau zege la msingi limwagwe kabla malori hayajaanza kupishana barabarani. Alikuwa ananipigia asubuhi na jioni.

Nilipofungua mchoro wa msingi nilikuta maandishi ya Kichina yamegeuka alama za kuuliza mstari mzima. Hilo nililitegemea. Kilichonishtua ni jedwali la nondo. Mahali panapoandikwa idadi ya nondo, aina yake na unene wake, niliona 8?20, chini yake 4?16, na kwenye ringi ?8@200. Namba zipo, alama ya aina ya nondo haipo.

Nikaipeleka laptopu kwenye duka moja ambalo sitalitaja, nikaeleza shida. Kijana aliyenihudumia alikuwa mwepesi wa mikono. Alichagua simplex.shx, fonti ya kawaida inayokuja na AutoCAD, iwe mbadala wa kila fonti iliyokosekana, akahifadhi, akanionyesha. Nikamwambia alama za kuuliza bado zipo pale kwenye nondo. Akafungua maandishi yale kwa ndani, akaona kuwa mahali penye alama ya kuuliza pameandikwa %%132, na kwingine %%130. Akaita amri ya FIND, inayotafuta na kubadilisha, akaviondoa vyote kwa mpigo mmoja. Jedwali likawa safi kabisa. Nikalipa 15,000 nikaondoka nikishukuru.

Usiku ndipo nilipoiangalia vizuri. Ile 8?20 ilikuwa imekuwa 820. Ile 4?16 ilikuwa imekuwa 416. Nondo nane za milimita 20 zimegeuka mia nane na ishirini, namba isiyo na maana yoyote kwenye jedwali la nondo, na fundi wa saiti akiipata karatasi hiyo mkononi ataipa maana anayoiona yeye. Nilikaa kitandani na ile laptopu mpaka mke wangu akaamka kuniuliza kuna msiba gani. Nikamwambia hakuna, ila ungeweza kutokea. Faili la asili lilikuwa bado kwenye barua pepe. Lingekuwa limefutika, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Mwenzangu mmoja anayechora ramani Mtwara ndiye aliyenielekeza kwa huyu fundi. Nikapanda Coaster ya alfajiri, na kabla ya saa nne nilikuwa nimeshateremka.

Fundi yupo Chikongola, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kuishi. Duka halina jina. Kuna ubao tu ulioandikwa kwa rangi ya mafuta: FUNDI KOMPYUTA, PRINTA, RAMANI. Neno la tatu ndilo lililonipa moyo, maana mafundi wengi wa kompyuta ninaowajua wanaiona AutoCAD kama programu ya kusakinisha tu, wakishaisakinisha ikafunguka kazi yao imekwisha. Nje ya mlango mama mmoja anauza ming'oko ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili, na wateja wanaosubiri huila palepale kwenye benchi. Ndani kuna meza mbili, feni moja, printa ya A3, na rafu ya laptopu zilizofunuliwa, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe.

Fundi ni binti, kwa kumtazama hajafika miaka 30. Akaniamkia, "Shikamoo mjomba," kama ilivyo kawaida yetu huku kusini kwa mtu wa umri wangu. Nikaitikia, nikaanza kueleza, akaniacha nimalize. Kisha akauliza swali ambalo lile duka la kwanza hawakuuliza.

"Mjomba, hili faili ndivyo lilivyotoka kwa mwenyewe, au limeshapita mikono?"

"Limeshapita mikono."

"Basi hili tuliweke pembeni. La mwenyewe lipo?"

Nikalipakua upya kutoka kwenye barua pepe. Akalinakili mara mbili, nakala moja akaifungia isiandikike juu yake, ndipo akafungua ile ya pili. Lile dirisha la SHX lilipotokea hakulipuuza wala hakuchagua mbadala. Alichukua daftari la shule akaandika majina ya mafaili yaliyotajwa. Kisha akaingia kwenye amri ya STYLE, akapitia mitindo ya maandishi mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akauandika: jina la mtindo, fonti yake, na fonti ya pili kama ipo.

Hapo nilijifunza kitu ambacho sikukijua kwa miaka yote niliyoitumia programu hii. Mtindo mmoja wa maandishi unaweza kubeba mafaili mawili ya SHX kwa pamoja: moja la herufi za kawaida na tarakimu, jingine la lugha zenye maelfu ya herufi kama Kichina, Kijapani na Kikorea. Hilo la pili ndilo AutoCAD inaliita Big Font. Kwenye mchoro wetu mtindo mmoja ulitumia gbenor.shx na gbcbig.shx, mafaili ambayo huja na AutoCAD yenyewe, kwa hiyo huo haukuwa na shida. Mtindo wa jedwali la nondo ulitumia tssdeng.shx kwa tarakimu na hztxt.shx kwa Kichina, na hayo mawili hayakuwepo kwenye mashine yangu. Faili la tatu lililokosekana, akasema, si fonti kabisa, tutalifikia.

Nikamuuliza kwa nini fonti zisije ndani ya mchoro wenyewe. Akanijibu kuwa DWG, yaani faili la mchoro la AutoCAD, inabeba jina la fonti tu, haibebi fonti. Kompyuta inayofungua mchoro inalitafuta hilo jina kwenye makabati yake. Ikilikuta inaandika, isipolikuta inaazima fonti nyingine. Ndiyo maana mchoro uleule unasomeka kwa mwenzako na kwako umejaa alama za kuuliza, na hakuna kati yenu aliyeharibu kitu.

Akanieleza pia tofauti ya SHX na TTF, na hapa naomba nikae kidogo, maana paligusa kitu ninachokipenda. TTF ni fonti za Windows, zilezile unazoziona kwenye Word, herufi yenye mwili uliojazwa. SHX ni ya AutoCAD yenyewe, na ndani yake kila herufi ni maelekezo ya kalamu: shuka hapa, nenda juu, pinda, inua. Zilitengenezwa hivyo kwa sababu AutoCAD ilitoka mwaka 1982, enzi za plota zilizochora kwa kalamu halisi juu ya karatasi, na kalamu haijazi mwili wa herufi, inapita njia. Mimi nilijifunza kuchora mwaka 1993 kwa ubao, karatasi ya kutresi, kalamu za Rotring na stensili ya herufi. Ukiandika A kwa stensili, mkono unapita njia ileile kila mara, mistari mitatu. Ukikosea unakwangua wino kwa wembe taratibu usitoboe karatasi. Mwalimu wangu alikuwa anairudisha ramani nzima kwa sababu ya 5 inayofanana na 6. Binti huyu alizaliwa stensili zimeshaanza kutupwa, lakini alipokuwa anaonyesha kwa kidole hewani jinsi SHX inavyochora herufi, nilimwona mwalimu wangu.

Turudi kwenye zile %%. Nyingi tunazijua: %%c ni alama ya kipenyo, %%d ni nyuzi, %%p ni jumlisha na kutoa kwa pamoja. Hizo programu inazifahamu popote. Lakini %% ikifuatwa na tarakimu tatu, inaita herufi yenye namba hiyo ndani ya fonti inayotumika wakati huo. Kwenye tssdeng.shx wenyewe wamechora alama zao za nondo kwenye namba hizo za 130 na kuendelea. Kwenye simplex.shx alama hizo hazipo, ndiyo maana inatoka alama ya kuuliza. Kwa hiyo kijana wa lile duka la kwanza, alipoweka simplex na kufuta zile namba, alikuwa amefuta habari iliyokuwa bado imo ndani ya mchoro, inasubiri fonti yake tu.

Nikamuuliza binti: je, 132 ni nondo ya aina gani? Jibu lake ndilo lililonifanya nimwamini.

"Mimi najua inaita herufi ya 132. Hiyo herufi inasimamia nini, anajua aliyechora. Nondo siwezi kukisia, mjomba."

Nilikuwa nategemea atafungua intaneti apakue hztxt.shx palepale, maana zimejaa mitandaoni. Alikataa, akatoa sababu mbili. Ya kwanza virusi, hiyo tunaijua sote. Ya pili sikuwahi kuisikia: mafaili ya SHX yenye jina moja yanaweza kuwa tofauti kabisa ndani. Watu wameyahariri na kuyasambaza kwa jina lilelile. Ukipakua hztxt ya mtu mwingine, mchoro utafunguka bila kulalamika, dirisha la onyo halitatokea tena, na alama fulani inaweza kuwa si ile aliyoiweka mchoraji. Alama ya kuuliza angalau inakwambia kuna shida. Alama isiyo sahihi inakaa kimya.

Kwa hiyo akaniandikia kwenye karatasi ujumbe mfupi wa kumtumia muuzaji: afungue mchoro kwake, atumie amri ya ETRANSMIT, ahakikishe kisanduku cha fonti kimewekwa alama, kisha atume kifurushi kizima kitakachotoka. ETRANSMIT inakusanya mchoro pamoja na vitu vyake vyote, michoro iliyounganishwa, picha, na fonti, kwenye faili moja la zip. Akaniambia niombe na PDF ya mchoro huohuo, tuwe na kitu cha kulinganishia. Nikampigia mteja, naye akaupeleka ujumbe China. Kule wametangulia saa tano mbele yetu, ofisi zilikuwa zinafungwa. Nikalala kwa mdogo wangu Magomeni.

Jioni ile nilimpigia mhandisi wa Dar. Yeye alizitambua mara moja nilipomsomea: 130 ni nondo laini ambayo Wachina wanaiita HPB300, na 132 ni nondo yenye meno ubavuni, HRB400. Zile 300 na 400 ni nguvu ambayo chuma kinahimili kabla hakijaanza kuvutika kisirudi tena, kwa niutoni kwa milimita ya mraba. Sisi tumezoea kuandika R kwa laini na Y kwa yenye meno, na Y tuliyoizoea kwenye BS 8110, kanuni ya Uingereza ya hesabu za zege, ilihesabiwa kwa 460. Akaniambia, "Usije ukaandika Y20 mahali pa alama ile halafu ukaniletea, kwa sababu hesabu yao ni ya 400 na yangu itakuwa ya 460. Nataka kuiona alama yao." Nikakata simu nikiwa na baridi mwilini, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nimepanga kufanya kama Mtwara ingeshindikana.

Asubuhi kifurushi kilikuwa kimefika, fonti zote mbili zimo, na PDF.

Niliyoyaona siku ya pili nayaeleza kwa mpangilio ule alioufuata, kwa faida ya aliye Nachingwea na hana nauli ya kuja. Fonti za SHX hakuzitupa kwenye folda ya Fonts ya AutoCAD ndani ya Program Files, ingawa wengi hufanya hivyo na inafanya kazi. Alitengeneza folda mpya kwenye diski D, akaipa jina la kazi, akaziweka humo. Kisha akaingia OPTIONS, ukurasa wa Files, kwenye orodha ya Support File Search Path, akaiongeza ile folda. Sababu yake ni kwamba ukibadilisha toleo la AutoCAD au ukilisakinisha upya, folda ya programu inaweza kubaki nyuma na fonti zako humo, wakati folda yako ya D inabaki na wewe unaionyesha tu programu mpya ilipo. Akafunga AutoCAD kabisa, akaifungua upya.

Dirisha la onyo likatokea tena, safari hii likitaja faili moja tu, lile ambalo si fonti. Akalipita kwa muda, mchoro ukafunguka.

Kichina kikajaa ukurasa mzima. Kwenye jedwali la nondo, palipokuwa na alama za kuuliza, pakakaa alama ndogo ya duara lililopigwa mstari, na ile ya nondo yenye meno ina vijistari vyake vya ziada vinavyoitofautisha na ile laini. Nane, alama, ishirini. Nne, alama, kumi na sita. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikasoma mstari kwa mstari kwa sauti, yeye akifuata kwenye PDF kwa rula, mpaka mwisho wa jedwali. Zililingana zote. Mama wa ming'oko aliingia kuuliza kama tunaswali.

Lile faili la tatu lilikuwa la maumbo. Kumbe SHX zipo za aina mbili: zenye herufi, na zenye vijichoro vinavyotumika ndani ya mistari, kama mstari wa uzio wenye alama ya msalaba kila baada ya hatua. Ukiipa programu fonti ya herufi kuwa mbadala wa faili la maumbo haisaidii kitu. Letu lilikuwa la mstari wa uzio ambao muuzaji aliwahi kuuweka na hautumiki popote kwenye mchoro. Akaita PURGE, akaondoa aina hiyo ya mstari na umbo lake lisilotumika, na onyo likaisha. Aliniuliza kwanza kabla ya kuondoa, na akanionyesha kwamba hakuna mstari hata mmoja unaoitumia.

Nikaona nitumie nafasi hiyo kwa shida yangu ya zamani. Ninayo fonti ya mwandiko wa mkono niliyoinunua kwa ajili ya vichwa vya ramani, ninaiona kwenye Word lakini AutoCAD haiioni. Nilishaisakinisha mara tatu. Alicheka kidogo, akaiondoa, akabonyeza faili la fonti kwa kitufe cha kulia na kuchagua isakinishwe kwa watumiaji wote. Kumbe tangu masasisho ya Windows 10 ya mwishoni mwa 2018, ukisakinisha kwa njia ya kawaida fonti inaingia kwa mtumiaji mmoja tu, kwenye folda yake binafsi, na AutoCAD huweza isiione huko. Ikiwekwa kwa wote inakaa kwenye C:\Windows\Fonts. Akafunga AutoCAD, akafungua, fonti ikawemo kwenye orodha. Hilo hakunitoza.

Mwisho akanionyesha vitu viwili vya mbadala, kwa zile ramani za zamani ambazo mwenye fonti hapatikani tena. FONTALT ni kigezo kinachosema fonti gani iazimwe pale nyingine yoyote inapokosekana, na kwa kawaida huwa ni simplex.shx. Faili la acad.fmp ni la maandishi tu, unaliandikia kwa Notepad: mstari mmoja kwa kila fonti, jina la iliyokosekana, nukta mkato, jina la mbadala wake, na kiambishi cha faili, kama .shx, kiwemo. Ukishaliandika, fonti ile ikikosekana inapata mbadala uliyoichagulia wewe. Lakini alinikanya vikali kuwa mbadala ni wa kukuwezesha kuona mchoro, na kabla ya kuutoa kwenda saiti ni lazima kila alama isomwe dhidi ya karatasi ya asili. Hata upana hubadilika: fonti pana ikiazimwa mahali pa nyembamba, maandishi yanavuka mistari ya jedwali na vipimo vinalalia kuta.

Sasa yasiyonifurahisha. Mahali ni padogo na hakuna pa kukaa zaidi ya benchi la nje, na jua la Mtwara likifika mchana benchi lote ni jua. Umeme ulikatika siku ya kwanza kwa karibu saa mbili, na hana betri ya kuhifadhia wala jenereta. Tulifanya kazi kwa betri ya laptopu yangu mpaka ikakaribia kuisha. Stakabadhi aliniandikia kwenye karatasi ya daftari baada ya kumwomba, na mimi kwa hesabu za ofisi nahitaji kitu bora kuliko hicho. Anafunga kwa swala bila kuacha tangazo mlangoni, kwa hiyo ukimkosa usikate tamaa ukaondoka, kaa hapo kwa mama wa ming'oko. Na ukiwa unataka kitu cha saa moja, hapa hapakufai. Anakwenda polepole, anauliza, anaandika kwenye daftari. Mimi ndicho nilichokifuata.

Bei ya 30,000 ni mara mbili ya ile niliyolipa kwanza. Ningeombwa 60,000 ningelipa, na nilimwambia hivyo, akasema bei ni hiyohiyo.

Kwa atakayekwenda: beba laptopu yenyewe, si flashi, kwa sababu fonti zinakaa kwenye mashine. Beba faili la asili ambalo halijafunguliwa na kuhifadhiwa na mtu mwingine. Uwe na namba ya aliyekutumia mchoro na uhakikishe anapokea, maana nusu ya kazi inategemea yeye. Na kama kuna PDF au hata picha ya karatasi iliyochapwa, nenda nayo.

Seti ya ghala niliipeleka Dar siku iliyofuata pamoja na ukurasa wa ufafanuzi wa alama nilioutengeneza mwenyewe, alama ya Kichina kushoto, maelezo ya Kiswahili kulia. Mhandisi alizibadilisha nondo za vitako viwili vya nguzo baada ya kupiga hesabu yake, na sasa kila moja imeandikwa kwa R na Y zetu, kwa mkono wake.

Jumatatu narudi Mtwara na diski yangu ya nje. Ina ramani zangu tangu 2006, nyumba za watu, madarasa, zahanati moja ya Nangaru, na nyingi zina viboksi vitupu ambavyo sikuwahi kuvitafuta. Binti ameniomba nije na orodha ya kompyuta zote nilizowahi kuzitumia na miaka yake, niliyoyakumbuka na hata nisiyo na uhakika nayo. Nimeshaandika nne, ya tano naendelea kuikumbuka.